Gari la 1967 kwenye Kompyuta ya 2012

Mwaka 1996 Mwingereza Geoff Crammond, aliyekuwa akitunga gemu za mbio za magari tangu REVS ya 1984, alitoa Grand Prix 2. Humo ndani aliweka jambo la kiungwana ambalo wengi waliomfuata hawakulijali. Ukiwa katikati ya mbio, bonyeza herufi O. Kwenye skrini inatokea asilimia inayokueleza prosesa yako imebeba mzigo kiasi gani. Ikisoma 60, uko salama. Ikifika 95, jihadhari na kona inayofuata yenye msongamano. Ikipita 100, gemu haigandi wala haikatiki: wakati wenyewe unapungua mwendo. Magari yanaelea kama yanapita majini, saa ya mzunguko nayo inahesabu polepole vilevile, na matokeo yanaandikwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu asiye mwaminifu angeweza kuongeza mzigo wa picha makusudi, akajipatia muda wa kuwaza kabla ya kila kona.

Namba ile ilikuwa inamwambia mchezaji ukweli mmoja ambao sura hii nzima imesimama juu yake. Gemu ya mbio inayodai uhalisia, ile ambayo wapenzi wake huiita simuleta, inafanya kazi mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni hesabu: uzito wa gari umeegemea tairi lipi, mpira umepata joto kiasi gani, ukikanyaga breki sasa hivi pua inainama vipi na mkia unapoteza mshiko kiasi gani. Ya pili ni picha: anga, vivuli, majani ya miti, mng'ao wa rangi kwenye boneti. Uhalisia unaousikia mikononi unatoka kwenye hesabu. Nguvu ya kompyuta inaliwa zaidi na picha. Mwenye kompyuta kuukuu akilielewa hilo, nusu ya kazi ya kuchagua ameshaimaliza.

Ushahidi bora ninaoujua ni Grand Prix Legends, iliyotolewa na kampuni ya Papyrus ya Marekani mwaka 1998. Inahusu msimu wa Formula One wa 1967, enzi za Lotus 49 na Jim Clark, mwaka mmoja kabla magari hayo hayajaanza kuwekewa mabawa ya kuyakandamiza barabarani. Tairi ni nyembamba, injini ina nguvu kuliko akili, na gari linateleza hata pale unapodhani umenyooka. Papyrus walilihesabu gari hilo mara 288 kwa sekunde, huku picha zikichorwa zisizozidi 36 kwa sekunde. Maana yake, kwa kila picha moja uliyoiona, mwenendo wa gari ulikuwa umeshapigiwa hesabu mara nane. Kompyuta za 1998 zilihema kwa kazi hiyo, na hata waandishi wa magazeti ya gemu walilalamika kwamba gari halikai barabarani. Leo kompyuta yoyote ya mezani iliyoondolewa ofisini inaiendesha bila hata feni kupandisha sauti. Dave Kaemmer, mmoja wa waanzilishi wa Papyrus, ndiye baadaye aliyeanzisha iRacing, iliyofunguliwa kwa umma 2008, ambako hata madereva wa kulipwa hufanyia mazoezi. Kwa hiyo anayekwambia gemu ya zamani ni ya kitoto, mwombe azunguke Nürburgring ya 1967, kilomita zipatazo 22.8, bila kugonga ukingo. Kisha mrudie mazungumzo.

Kanuni ninayoitumia ni rahisi: tafuta gemu iliyotoka miaka mitano hivi kabla ya kompyuta yako. Kama kompyuta ni ya 2012, anza kutazama gemu za 2007 kurudi nyuma. Sababu ni kwamba watengenezaji hutunga gemu wakilenga kompyuta zenye nguvu za siku zao, zile zenye kadi ya grafiki ya bei mbaya. Kompyuta ya ofisi haikuwa na kadi hiyo hata ilipokuwa mpya, kwa hiyo ilizaliwa ikiwa nyuma. Kinyume cha kanuni hii ndicho wengi wanachokifanya. Wanachukua gemu ya mwaka jana, wanashusha kila kitu chini kabisa, wanapunguza ukubwa wa picha mpaka alama za barabarani hazisomeki, halafu wanapata fremu 20, yaani picha 20, kwa sekunde na kuridhika kwamba "inacheza".

Haichezi. Piga hesabu mwenyewe. Gari lililo kwenye kilomita 200 kwa saa linakata mita 55 na ushee kila sekunde. Ukiwa na fremu 60 kwa sekunde, unaliona barabarani kila baada ya mita moja kasoro kidogo. Ukiwa na fremu 20, unaliona kila baada ya mita 2.8 hivi, na katikati yake umefumba macho. Kwenye gemu ya kupigana risasi unaweza kuvumilia. Kwenye mbio, mahali pa kukanyagia breki ni jambo la mita chache, na mkia ukianza kuteleza una sehemu ndogo ya sekunde ya kuurudisha kwa usukani. Picha ikichelewa, mikono inachelewa, na utajilaumu kwa kosa ambalo si lako. Afadhali GTR 2 ya 2006 kwa fremu 60 zisizotikisika kuliko gemu mpya inayoruka kati ya 18 na 40.

Sasa tuitazame kompyuta yenyewe. Katika maduka ya Kariakoo au ya katikati ya Nairobi, mashine nyingi za bei nafuu ni zile zilizotumika Ulaya na Marekani kisha zikaletwa huku: Dell OptiPlex, HP za ofisini, ThinkPad nyeusi zisizozeeka sura. Muuzaji atakuonyesha stika ya "Core i5" na kukuhakikishia kwamba i5 ni i5. Si kweli. Angalia namba inayofuata. Katika i5-3470, ile 3 ya mwanzo inakwambia ni kizazi cha tatu, cha mwaka 2012. Katika i5-8500, ile 8 ni kizazi cha nane, kilichokuja miaka mitano baadaye kikiwa na viini sita badala ya vinne. Stika ni ileile, mashine ni mbili tofauti kabisa.

Kwa laptopu, cha kuuliza kwanza ni picha zinachorwa na nini. ThinkPad T420 ya 2011 ina Intel HD 3000 iliyomo ndani ya prosesa, na hiyo inaishia toleo la 10.1 la DirectX, mfumo wa Windows ambao gemu huutumia kuchora picha. T430 ya mwaka uliofuata ina HD 4000, inayofika DirectX 11. Zikiwa zimefungwa, kwa macho hutazitofautisha kwa urahisi, na bei dukani zinakaribiana. Lakini gemu nyingi mpya zinazodai DirectX 11 hazitafunguka kabisa kwenye ile ya kwanza, hata ungeongeza ramu ngapi. Na kwa kuwa tumeigusa ramu: grafiki za ndani ya prosesa hazina kumbukumbu yake, zinaazima ramu ya kompyuta. Ukiwa na kijiti kimoja cha GB 8, zinapita mlango mmoja. Ukiwa na viwili vya GB 4 kila kimoja, zinapita milango miwili. Mafundi wengi huweka kimoja kwa sababu ndicho kilichopo kwenye droo. Mwambie aweke viwili, na utaona tofauti kwenye gemu kuliko mahali pengine popote.

OptiPlex ya kulala, ile nyembamba inayowekwa chini ya skrini, ina shida yake. Kadi ya kawaida haiingii kwa urefu, na umeme wake haukupangiwa kadi kubwa. Kadi inayofaa humo ni ile fupi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, na GT 1030 ndiyo inayotajwa sana kwa kuwa inakula wati 30 tu. Ila kuna mtego: zipo GT 1030 za aina mbili, yenye kumbukumbu ya GDDR5 na yenye DDR4, na hii ya pili inapitisha data karibu theluthi tu ya ile ya kwanza. Kwenye boksi jina ni lilelile kwa herufi kubwa. Soma herufi ndogo.

Na kabla ya kununua chochote, safisha. Laptopu ya miaka kumi imemeza vumbi la kutosha kujaza soksi, na ile krimu inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupozea imekauka. Dalili yake inajulikana: gemu inakwenda vizuri dakika kumi, kisha ghafla inakuwa nzito, na ukiipumzisha inarudi. Hapo gemu haina kosa. Prosesa imepata joto na imejipunguzia mwendo ili isiungue.

Nikiambiwa nitaje gemu moja ya kuanzia, sitasita: Live for Speed. Imetungwa na watu watatu, Scawen Roberts, Eric Bailey na Victor van Vlaardingen, na imekuwa ikiboreshwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ina toleo la bure kihalali, lenye uwanja wa Blackwood na magari matatu, likiwemo gari dogo la Formula BMW, na toleo hilo la bure linaruhusu hata kushindana na watu wengine kwenye intaneti. Halimalizi bando. Kilichonivutia ni tairi. Bonyeza F9 ukiwa unaendesha, utaona tairi zako nne zikipakwa rangi kadiri joto linavyopanda na kushuka. Ukiingia kona kwa pupa, tairi la mbele la upande wa nje linapata joto kuliko mengine. Ukifunga breki mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, mpira unalika mahali pamoja na gari linaanza kutetemeka. Haya yote yanafanyika kwenye laptopu isiyo na kadi yoyote. Picha zake ni za kawaida, miti yake ni ya makaratasi. Baada ya mizunguko michache hutaikumbuka miti.

Jambo jingine linaloifaa hali yetu: Live for Speed inakubali kuongozwa kwa kipanya. Usukani wa Logitech G27 uliotumika una bei inayoweza kuzidi kompyuta yenyewe, na kibodi ni balaa kwa sababu mshale wa kushoto unajua mambo mawili tu, kukata au kutokata. Kipanya kinakata kidogo, kinakata wastani, kinakata sana. Kinachosha mkono, sikatai, ila kinafundisha.

Baada ya hapo ingia kwenye ukoo wa rFactor. Image Space Incorporated ya Marekani waliitoa 2005, wakaiacha wazi ili mashabiki waongeze magari na viwanja vyao, na injini yake ikazaa au kulea gemu nyingine nyingi. Mizizi yake ikaja hata kutumika katika simuleta za timu za Formula One zenyewe, kupitia rFactor Pro. GTR 2 na GT Legends ni ndugu zake, na Automobilista ya Wabrazil wa Reiza, ya 2016, ni mjukuu anayefanana na babu kwa wepesi. Ninazipenda kwa kuwa zinakubali kubanwa: unaweza kuamua magari mangapi yaonekane kwa wakati mmoja, vivuli viwepo au visiwepo, na hakuna kinachoharibika kwenye uendeshaji.

Speed Dreams, iliyochipuka kutoka gemu ya TORCS, ni ya bure na inakubali Linux. Nzuri kwa mtoto anayejifunza programu, kwani TORCS ilitumika sana katika mashindano ya kufundisha kompyuta kuendesha gari. Kwa tairi na breki, si hapo.

Lakini mwenye kompyuta dhaifu kuliko zote, mwenye prosesa ya viini viwili na grafiki za kuazima, mimi ningemwelekeza kwenye rali. Fikiria sababu. Kwenye uwanja wa mbio, kompyuta inahesabu gari lako na magari mengine ishirini, kila moja na tairi zake nne na dereva wake wa bandia anayeamua apite au asipite. Kwenye rali uko peke yako. Gari moja, barabara moja, saa inahesabu. Mzigo wote wa wapinzani haupo, nguvu iliyobaki inakwenda kwenye gari lako.

Hapo ndipo Richard Burns Rally ya 2004 inapotawala mpaka leo. Iliundwa na Warthog wa Uingereza, na jina ni la dereva ambaye Afrika Mashariki ilimjua kabla hajawa bingwa wa dunia. Ushindi wake wa kwanza katika rali ya ubingwa wa dunia aliupata Kenya, kwenye Safari Rally ya 1998, akiwa na Mitsubishi Carisma. Akarudi 2000 akashinda tena kwa Subaru Impreza. Taji la dunia akalitwaa 2001. Gemu ilipotoka alikuwa tayari mgonjwa, na alifariki Novemba 2005 akiwa na miaka 34. Ndani ya gemu kuna Impreza ya 2000, kuna Uingereza, Japani, Ufaransa, Australia, Marekani na barafu za kaskazini. Kenya haimo, Safari ilikuwa imeondolewa kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002, na haikurudi hadi 2021. Mwenye hamu ya vumbi la nyumbani kwenye kompyuta kuukuu aitafute Colin McRae Rally 2.0 ya 2000 au Rally Trophy ya 2001, zote zina hatua za Kenya, ingawa kwa uhalisia wa gari haziifikii gemu ya Burns.

Burns haina huruma. Changarawe inahama chini ya tairi, lami yenye unyevu inakudanganya, na jiwe dogo ukingoni linatosha kumaliza siku. Mashabiki wameiongezea mamia ya hatua na fizikia iliyoboreshwa. Kifurushi cha RallySimFans cha Hungary ndicho kinachojulikana zaidi. Angalizo ni kwamba hatua zilizotengenezwa na mashabiki miaka ya karibuni ni nzito kuliko zile za asili. Anza na za asili.

Mpaka wa juu, kwa maoni yangu, ni Assetto Corsa ya Kunos Simulazioni wa Italia, ya Desemba 2014. OptiPlex yenye GT 1030 nzuri inaimudu ukishusha vivuli na kuwa na wapinzani wachache. HD 4000 inaihangaikia. Na tazama: ikizidiwa, inakuandikia kwenye skrini kwamba prosesa imepita asilimia 99. Mdogo wake, Assetto Corsa Competizione, iache kabisa.

Kuna vikwazo visivyohusu nguvu. Duka la mtandaoni la Steam liliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tarehe 1 Januari 2024, kwa hiyo mashine iliyobaki na Windows 7 huenda isifungue gemu zilizonunuliwa huko. Upande wa pili, Windows 10 ilipokuja 2015 iliukataa ulinzi wa SafeDisc uliokuwa kwenye CD nyingi za zamani, kwa hiyo CD halali uliyoinunua mtumba inaweza kugoma kwenye Windows mpya. Uliza kabla ya kulipa.

Ukishaweka gemu, usiipime ukiwa peke yako uwanjani. Karibu kila gemu inapendeza hivyo. Weka idadi ya wapinzani unaotaka kushindana nao, chagua uwanja mzito, kisha jipange wa mwisho kwenye mstari wa kuanzia. Taa zikizimika, magari yote yako mbele yako, yote yanachorwa, moshi unafuka, na wote wanabanana kwenye kona ya kwanza. Hiyo ndiyo sekunde mbaya kuliko zote utakazokutana nazo. Fremu zikishikilia hapo, zitashikilia popote. Zikianguka, zima kwanza vioo vya nyuma, kwa sababu kila kioo kinaidai kompyuta ichore dunia kwa mara ya pili. Kisha vivuli. Kisha punguza wapinzani. Ukubwa wa picha uwe wa mwisho kuguswa, maana unahitaji kuona mbali ili ujue pa kukanyagia breki.

Na kama unanunua kupitia Steam, pesa yako inarudi ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Saa mbili zinatosha kabisa kwa jaribio la mstari wa mwisho. Usizitumie kuchagua rangi ya gari.